BEI ISEMWE MBELE ZA WATU



Mfanyabiashara mmoja, mtu wa Kigoma, alifika soko kuu la Makiso akasimama mbele ya mama aliyepanga mafungu ya mihogo. Mama akamwambia kwa upole, "Baba, uuze mihogo." Mgeni akajibu, "Mama, nitauzaje mihogo isiyo yangu?" Mama akadhani huyu baba amekuja kufanya mzaha. Watu wakacheka, mpaka mzee mmoja aliyewahi kukaa Ujiji akawafumbulia jambo lenyewe: kwa watu wa pwani, kuuza ni kutoa mali yako upate fedha, na kutwaa mali ya mwenzako kwa fedha ni kununua. Lakini katika Kiswahili chetu cha Kongo, kuuza ndiko kununua, na yule atoaye mali yake twasema anauzisha.

Hakuna kosa katika jambo hili. Kila nchi ina kinywa chake. Wenye elimu ya lugha watueleza kwamba hata neno kuuza la watu wa pwani lina asili katika neno la kale lenye maana ya kununua, lile ambalo Wanyamwezi na Waganda walisema hata leo: kugula. Maana yake ya ndani ni kumfanya mtu anunue. Basi mama wa mihogo na mgeni wa Kigoma ni watoto wa nyumba moja, ila wameachana njiani.

Kosa liko mahali pengine. Liko pale ambapo mtu ameshika mali yake mkononi, naye hajui kama anauza, au anauzisha, au yeye mwenyewe ndiye anayeuzwa. Juu ya mtu huyo gazeti letu lataka kusema leo. Yeye ni mchimbaji wa almasi, ndugu yetu wa Banalia, wa Bafwasende, wa Ubundu, ashukaye mtoni kwa chekecheo na kupanda mjini na jiwe lililofungwa katika kipande cha karatasi.

Kwanza tulitazame neno mnada. Tumelipokea kwa Waarabu, na asili yake ni kuita kwa sauti. Kunadi ni kutangaza, na mnadi ni mwenye kupaza sauti. Katika mnada wa kweli mali huwekwa wazi, watu wote huiona. Mtu wa kwanza hutaja bei, wa pili huongeza, wa tatu huongeza tena, na kila mmoja husikia aliyosema mwenzake. Asipokuwapo tena wa kuongeza, dalali hugonga, na mali huwa ya aliyesema mwisho. Mwenye mali yupo pale pale, na bei isipofika pale alipopaweka moyoni mwake, aweza kuchukua kilicho chake akaenda zake. Basi mnada una nguzo tatu: mali ionekane, bei isikike, na mwenye mali awe na haki ya kukataa. Nguzo moja ikianguka, jina hubaki lakini nyumba haipo.

Yatazameni na maneno mengine tunayofanyia biashara. Soko, bei, faida, hasara, rehani, thamani, hesabu, dalali: yote yana asili ya Kiarabu. Karati, ambayo kwayo almasi hupimwa, ilianza kama punje ya mti kwa Wayunani wa kale, ikapita kwa Waarabu, ikafika Ulaya, ndipo ikaja kwetu. Tola, ambayo kwayo watu hupimia dhahabu huku mashariki pamoja na njiti za kibiriti na sarafu za zamani, ni kipimo cha Wahindi. Kontwari, nyumba ya kununulia mawe, ni neno la Wafaransa. Karibu kila neno la biashara tulilo nalo lilikuja na mgeni, na mgeni huyo alikuja kununua. Si ajabu basi kwamba maneno hayo yamemtumikia yeye vizuri kuliko sisi.

Kiswahili chenyewe kilifika hapa kwenye maporomoko ya mto kwa njia hiyo. Kililetwa na misafara ya Wangwana iliyofuata pembe za ndovu, na mkubwa wao alikuwa Hamed bin Muhammed, ambaye watu walimwita Tippu Tip. Mwaka 1887 mfalme Leopold alimfanya gavana wake wa maporomoko haya. Misafara hiyo ilibeba pembe, ikabeba na watu. Huko Unguja, Mkunazini, palikuwa na soko la kunadi watu, nalo lilifungwa mwaka 1873, na mahali pake likajengwa kanisa kubwa. Mtu aliyesimamishwa pale alitazamwa meno, akatembezwa kama mnyama, na bei yake ikatangazwa. Alionekana, na bei ilisikika. Nguzo ya tatu haikuwapo, kwa maana mwenye haki ya kukataa ndiye aliyekuwa bidhaa.

Kisha ikaja Serikali ya Leopold, kuanzia mwaka 1885 hata 1908, nayo haikuhitaji dalali. Mpira ulidaiwa kama kodi, kilo zilihesabiwa mbele ya mlinzi mwenye bunduki, na bei, ikiwapo, iliandikwa na yule yule aliyechukua. Wazee wetu hawakuitwa wauzaji wala wauzishaji.

Ulipofika mwaka 1960 tulidhani mambo hayo yamekwisha. Lakini tukumbuke jinsi yalivyokwenda. Katika Januari na Februari mwaka ule viongozi wetu wakubwa walikwenda Brussels kwenye Meza ya Duara ya siasa, wakarudi na tarehe ya uhuru: 30 Juni. Kisha, tangu mwisho wa Aprili hata katikati ya Mei, ikafanyika Meza ya Duara ya pili, ya uchumi. Huko viongozi wengi hawakwenda, kwa kuwa walikuwa katika kampeni ya uchaguzi. Walituma vijana na wanafunzi wakae mbele ya wataalamu wa Ubelgiji waliojua kila kampuni na kila hisa. Siku chache kabla ya uhuru Wabelgiji wakaivunja ile Kamati Maalum ya Katanga, ambayo kwayo Serikali mpya ingalikuwa na sauti kubwa katika kampuni ya shaba ya Union Minière. Tulikuwa tumejifunza neno uhuru katika lugha zote za nchi yetu, lakini neno bei tuliwaachia wengine.

Twasema haya si kwa kuwalaumu waliotangulia. Twayasema kwa sababu Meza ile ya pili yaendelea mpaka leo, katika vyumba vidogo vyenye mizani juu ya meza, na ndugu yetu mchimbaji huingia humo peke yake.

Mwaka 1982 Serikali ya Zaire iliruhusu raia kuchimba na kuuza almasi na dhahabu, kazi ambayo zamani ilikuwa ya makampuni tu. Maelfu ya watu wakaingia msituni. Katika miaka ya 1990 na 2000 kuta nyingi za katikati ya mji wetu zilipakwa picha za almasi na alama ya dola, na kila mlango ulimwita mchimbaji aingie. Mali hiyo ikaleta na majeshi ya kigeni. Mwaka 1999, na tena mwaka 2000, majeshi ya Rwanda na ya Uganda yalipigana humu mjini mwetu, na almasi ilikuwa moja ya sababu. Vita vya siku sita, tarehe 5 hata 10 Juni 2000, viliua mamia ya raia ambao hawakuwa na jiwe wala bunduki.

Sasa tueleze jinsi jiwe linavyosafiri. Mchimbaji hulitoa katika changarawe. Kwa kawaida yuko mtu aliyegharamia chakula na vyombo, naye ana sehemu yake. Jiwe hupelekwa kwa mchuuzi, au huletwa moja kwa moja mjini kwenye kontwari. Pale hupimwa kwa karati, na karati moja ni sehemu ya tano ya gramu, nayo hugawanywa katika pointi 100. Kisha mnunuzi huweka kioo jichoni. Tangu hapo bei haitegemei tena mizani, yategemea maneno. "Rangi yake imeingia manjano." "Ndani kuna makaa." "Lina ufa." "Hili ni la kiwanda, si la pete." Kila neno hupunguza dola, na mchimbaji hana kioo, hana neno la kujibu, hana mnunuzi wa pili aliyekaa karibu asikie. Katika mnada bei hupanda ngazi, hapa huteremka.

Baadaye kontwari hupeleka mawe yake kwenye ofisi ya Serikali iitwayo CEEC, ambako wakadiriaji huyatazama, huandika thamani, na kutoa cheti cha Kimberley, ambacho tangu mwaka 2003 almasi haiwezi kuvuka mpaka kwa halali bila hicho. Ndugu, fikirini jambo hili. Iko bei iliyoandikwa na mtaalamu wa Serikali yetu wenyewe, kwa kalamu na muhuri. Lakini huandikwa wakati jiwe limekwisha kuwa la mwingine, na mchimbaji hayupo. Bei ya kweli ya jiwe lake yeye ndiye mtu asiyeisikia kamwe.

Mwandishi wa maneno haya si mtu wa kusimama kando na kunyoosha kidole. Mimi ni karani wa mgodi. Kazi yangu ni daftari: jina la mchimbaji, siku, karati, na sehemu ya kila mtu. Nilisoma kwa mapadri, nikapata Kifaransa, na kwa ajili hiyo watu saba wa kundi moja waliniomba niwafuate mjini kuuza jiwe. Walikuwa wamechimba miezi 4. Jiwe lilikuwa na karati 3 na pointi kidogo. Mahali tulipoingia sipataji.

Mnunuzi alilitazama sana. Akamwambia msaidizi wake kwa Kifaransa kwamba aweza kupanda mpaka dola 1,800. Msaidizi akatugeukia, akasema kwa Kiswahili, "Jiwe lina makaa. Tunatoa mia tisa." Mzee wa kundi akanitazama, akaniuliza, "Karani, banasema nini kwa Kifaransa?" Nikajibu, "Wanasema jiwe lina makaa."

Bei ikafungwa kwa dola 1,000. Tulipotoka, msaidizi alinishika mkono, nikaona ameniachia dola 50. Akasema, "Matabishi, karani." Neno hilo nalo lilikuja na wageni, Wareno; asili yake ni kuua mdudu, yaani kinywaji kidogo cha asubuhi cha kutuliza tumbo. Kwetu limekuwa fedha ya kuutuliza mdomo.

Jioni nilifanya hesabu katika daftari kama desturi yangu. Nusu, dola 500, ilikwenda kwa mwenye kugharamia. Dola 500 zilizobaki ziligawanywa kwa watu 7: kila mmoja dola 71 na senti, kwa miezi 4 ya kukaa majini. Kama ningalisema niliyoyasikia, wakasimama imara, kila mmoja angalipata dola 128. Na mimi kwa sentensi moja ya maneno manne nilipewa dola 50. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Mimi nimeona kwamba mali yaweza kupotea ndani ya daftari lililoandikwa vizuri, kwa mwandiko mzuri wa shule.

Baada ya miezi mingi nilikwenda kwa yule mzee nikamwambia ukweli. Hakukasirika. Alisema, "Tulijua, karani. Tulikuuliza kusudi tujue weye ni wa nani."

Neno hilo halijanitoka. Naliandika hapa kwa sababu sisi tuliosoma, makarani, walimu, wakalimani, watu wa ofisi, tu wengi katika mji huu wa Makiso, na karibu kila bei mbaya iliyopewa mtu wa msituni ilipita katika kinywa cha mmoja wetu. Twapenda kumlaumu mgeni. Lakini mgeni hajui Kiswahili. Ni nani anayemsemea?

Sasa watu watasema: hayo ni mambo ya mtu mmoja, Serikali itafanya nini? Serikali ina kazi iliyokwisha kuandikwa. Katiba ya 18 Februari 2006, katika kifungu chake cha kwanza, yasema kwamba Kifaransa ni lugha ya serikali, na lugha za taifa ni Kikongo, Lingala, Kiswahili na Tshiluba. Kifungu cha 142 chasema kwamba kila sheria yapaswa kuenezwa na Serikali kwa Kifaransa na kwa kila moja ya lugha hizo nne, katika siku 60 tangu kutiwa sahihi. Sheria ya Madini ya mwaka 2002 ilirekebishwa tarehe 9 Machi 2018. Ndani yake mchimbaji ameagizwa awe mwanachama wa ushirika unaotambuliwa, apate kadi, achimbe katika eneo lililotengwa. Ni wajibu mwingi kwa mtu mmoja. Miaka imepita, nami katika kazi yangu yote sijapata kuona nakala ya Kiswahili ya sheria hiyo mkononi mwa mchimbaji hata mmoja. Askari akimkamata husema, "Sheria haisamehi asiyeijua." Je, yamsamehe aliyepaswa kuifasiri?

Tena tusidhani kwamba ni jiwe tu linalouzwa kwa lugha isiyosikika. Tarehe 28 Julai 2022, Kinshasa, Serikali ilifungua zabuni ya vitalu 27 vya mafuta na 3 vya gesi, na baadhi ya vitalu hivyo vilikuwa katika misitu na vinamasi vya bonde la mto wetu. Watu wa ng'ambo walijua siku ile ile. Wanakijiji waliokaa juu ya vitalu hivyo, wangapi waliambiwa kwa lugha yao kwamba ardhi iliyo chini ya nyumba zao imewekwa mezani? Oktoba 2024 zabuni ya vitalu vya mafuta ilifutwa. Mwaka 2025 vikatangazwa vitalu 52. Hata fidia ni namna ya bei. Tarehe 9 Februari 2022 Mahakama ya The Hague iliiagiza Uganda ilipe dola milioni 325 kwa ajili ya watu waliouawa na kuumizwa, mali iliyoharibiwa, na utajiri ulioporwa. Sisi tulikuwa tumeomba zaidi ya bilioni 11. Mfuko wa kugawa fedha hizo, FRIVAO, umewekwa makao yake hapa hapa Kisangani. Basi orodha yake na isomwe kwa sauti, kata kwa kata, kama mnada unavyotaka.

Wengine watasema: bei ya almasi hufanywa Antwerp na Dubai, sisi hatuwezi kitu. Hebu tutazame wenzetu.

Katika Sierra Leone, mwezi wa Machi 2017, wachimbaji wa mchungaji Emmanuel Momoh, watu wa majembe kama sisi, walipata jiwe la karati 709 huko Kono. Hakulipeleka kwa siri kwa mchuuzi. Alilikabidhi kwa Serikali liuzwe mbele ya watu. Lilinadiwa Freetown, bei iliyofika, dola milioni 7.8, ikakataliwa. Desemba mwaka ule likauzwa New York kwa dola milioni 6.5. Ndiyo, ilikuwa pungufu ya ile ya kwanza; mnada si uganga. Lakini kila mtu katika nchi ile aliijua bei, na zaidi ya nusu yake ilitengwa kwa ajili ya nchi na kwa kijiji kilichotoa jiwe: maji, barabara, shule.

Katika Botswana jiwe kubwa la karati 1,109, Lesedi La Rona, lilinadiwa London mwezi wa Juni 2016. Bei ilipanda mpaka dola milioni 61, ikakoma chini ya kile wenye mali walichotaka, nao wakakataa. Mwaka uliofuata waliliuza kwa milioni 53. Waweza kusema walikosea. Lakini walikuwa na haki ya kukosea kwa hiari yao wenyewe, na hiyo ndiyo nguzo ya tatu. Nchi hiyo ina kampuni yake ya umma, Okavango Diamond Company, inayouza sehemu ya mawe ya nchi kwa mnada huko Gaborone, na tangu mwaka 2013 wanunuzi wakubwa wa De Beers, waliozoea kukutana London, huenda Botswana.

Na karibu zaidi, kwa watu wa lugha yetu: Tanzania tangu mwaka 2019 imefungua masoko ya madini mikoani, ambamo mchimbaji mdogo huuza mbele ya wakadiriaji wa Serikali. Juni 2020 mchimbaji mmoja, Saniniu Laizer, alileta mawe mawili ya tanzanite, ya kilo 9.27 na kilo 5.1, na Serikali ikayanunua kwa shilingi bilioni 7.74. Bei ilitangazwa kwa Kiswahili, mbele ya waandishi wa habari, naye amesimama pale akaisikia. Mtu asituambie kwamba Kiswahili hakina maneno ya kutosha kwa jambo hili.

Liko pingamizi moja la haki, nasi hatulidharau. Wachimbaji wenyewe husema: "Bei yangu ikitangazwa mchana, usiku wezi watanijia." Ni kweli, barabara zetu twazijua. Lakini dawa ya wizi wa njiani si wizi wa mezani. Bei itangazwe, fedha zipite katika ushirika au benki, na mtu atembee na risiti.

Kwa hiyo gazeti letu lasema mambo manne.

Kwanza, hapa Makiso pawe na nyumba moja ya mnada wa mawe, yenye siku zake zinazojulikana, ambapo jiwe la ushirika wowote litawekwa mezani mbele ya wanunuzi wengi, si mmoja.

Pili, mkadiriaji wa Serikali alitazame jiwe kabla halijauzwa, na thamani aliyoiandika isomwe kwa Kiswahili na Lingala, mwenye jiwe akiwapo.

Tatu, Sheria ya Madini itolewe katika lugha za taifa kama Katiba iagizavyo, nakala ibandikwe katika kila mgodi, na kila risiti iwe na maneno ambayo mwenye kutia sahihi aweza kuyasoma.

Nne, na hili ni letu sisi wenyewe: kila karani na kila mkalimani aape kutafsiri yote aliyoyasikia, si nusu. Asiyeweza aache kazi hiyo ashike jembe, maana jembe halisemi uongo.

Wafanyabiashara wa almasi wa Antwerp, wa Tel Aviv na wa Mumbai wana neno moja la kufungia bei, mazal, neno la Kiebrania la kutakiana bahati. Likisemwa na mikono ikishikana, hakuna kurudi nyuma, hata kama hapakuandikwa karatasi. Twawasifu kwa hilo. Lakini nguvu ya neno lile yatoka wapi? Yatoka katika jambo hili, kwamba wote wawili wanaolisema wanalijua.

Watu wa pwani husema, kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Hapa kwetu kizuri ndicho kinachotembezwa, mlango hata mlango, mpaka mwenyewe achoke na kukubali lolote. Hatuwezi kuendelea hivyo. Wapwani waseme kuuza, sisi tuseme kuuzisha, hilo si neno. Lakini siku ile ndugu yetu atakapoweka jiwe lake mezani, bei na isemwe kwa sauti, katika lugha aijuayo, mbele ya watu. Naye akigeuka kutuuliza, "Banasema nini?", tumwambie.